Histamini ya Damu Si Kioo cha Akili

Dai ninalolipinga hapa ni jepesi kueleza. Husemwa kwamba ukitoa damu kidogo na kuipima histamini, utajua kama mwili wako una "umethilishaji mdogo" au "umethilishaji mkubwa". Ukishajua kundi lako, basi umekwisha kujua chanzo cha sonona yako, cha wasiwasi wako, hata cha skizofrenia ya ndugu yako, pamoja na vidonge vya lishe vya kuyamaliza hayo yote. Dai hili lilizaliwa Amerika ya Kaskazini na hadi leo makao yake ni huko. Lakini simu haina mpaka. Linatufikia kwa video na kwa jumbe za jamaa walioko ng'ambo, na nimewasikia wanafunzi wenzangu, wasomaji wazuri kabisa, wakilirudia kana kwamba ni somo la biolojia la sekondari.

Mimi nasema dai hilo halina msingi, kwamba linaweza kudhuru, na kwamba sisi Wanyarwanda tuna sababu ya pekee ya kulikataa. Ili nisionekane napiga kelele tu, nitaanza kwa kulieleza kwa haki.

Methili ni kikundi kidogo cha atomi: kaboni moja na hidrojeni tatu. Mwili hukibandika kikundi hicho juu ya vitu vingi, na kubandika huko ndiko kunakoitwa umethilishaji. Kikibandikwa juu ya DNA, mara nyingi husaidia kukizima kinasaba fulani bila kukifuta. Kikibandikwa juu ya histamini, huiondolea nguvu. Hapo ndipo penye mzizi wa hoja yao. Wanasema: ikiwa methili ndiyo inayoivunja histamini, basi mtu mwenye upungufu wa methili atakuwa na histamini nyingi, na mwenye methili nyingi atakuwa na histamini kidogo. Na kwa kuwa methili hushiriki pia katika utengenezaji wa kemikali za ubongo, kiasi cha histamini katika damu kitakuonyesha hali ya ubongo. Hoja inavutia kwa sababu ni fupi, na kila hatua yake inaonekana kushikana na inayofuata.

Ina historia pia. Katika miaka ya 1950, huko Saskatchewan nchini Kanada, madaktari Abram Hoffer na Humphry Osmond walianza kuwatibu watu wenye skizofrenia kwa niasini, yaani vitamini B3, kwa vipimo vikubwa. Mwaka 1968 mwanakemia Linus Pauling, aliyekwisha kupata tuzo mbili za Nobel, aliandika katika jarida la Science kwamba magonjwa ya akili yangeweza kutibiwa kwa kurekebisha viwango vya vitu vya asili mwilini. Naye Carl Pfeiffer, mtaalamu wa dawa aliyefanya kazi huko New Jersey, akawagawa wagonjwa kwa histamini ya damu: wenye nyingi upande huu, wenye kidogo upande ule. Mwaka 1973 kamati ya Chama cha Madaktari wa Magonjwa ya Akili cha Marekani ilichunguza madai ya tiba ya vitamini nyingi na kuona kwamba ushahidi hauyaungi mkono. Lakini mgawanyo wa Pfeiffer haukufa. William Walsh aliupa jina jipya la umethilishaji, na kitabu chake cha mwaka 2012 ndicho kilichoueneza kwa umma. Katika mizani hiyo, histamini inayozidi nanogramu 70 kwa mililita ya damu huhesabiwa kuwa alama ya umethilishaji mdogo, na iliyo chini ya 40 kuwa alama ya umethilishaji mkubwa.

Sasa tuiulize damu yenyewe. Histamini iliyomo ndani yake inakaa wapi? Karibu yote inakaa ndani ya basofili, aina ya seli nyeupe ambazo kwa kawaida hazifiki hata moja katika kila seli nyeupe mia. Imefungiwa humo katika vijipunje, ikisubiri siku ya kutolewa, hasa wakati wa mzio. Kimeng'enya kinachobandika methili hakiingii ndani ya vijipunje hivyo. Kwa hiyo anayepima histamini ya damu nzima anapima zaidi wingi wa basofili na shehena zilizobeba, wala si kasi ya umethilishaji. Isitoshe, mwili una kimeng'enya cha pili kinachoivunja histamini bila kutumia methili hata kidogo, na hicho hufanya kazi sana katika utumbo. Hoja iliyoonekana kama mnyororo imekatika katika pete yake ya kwanza.

Pete ya pili nayo imekatika. Histamini ya damu haivuki kwa urahisi kuingia katika ubongo, kwa sababu mishipa ya ubongo ina kizuizi kinachochagua cha kupita na cha kurudishwa. Ubongo hutengeneza histamini yake wenyewe, katika seli za neva zilizo sehemu ya chini iitwayo haipothalamasi, na huitumia kutuweka macho. Kila mmoja wetu amekwisha kulishuhudia hilo bila maabara. Anayemeza piriton kwa ajili ya mafua au muwasho husinzia darasani, kwa sababu dawa hiyo huvuka kizuizi na kuizima histamini mle ubongoni. Histamini ya kwenye damu ni ghala moja, ya kwenye ubongo ni ghala jingine, na hesabu ya ghala moja haikupi hesabu ya jingine.

Sisemi kwamba histamini haihusiani na akili. Inahusiana, tena kwa njia ambayo wauzaji wa kipimo hawaitaji. Klopromazini, dawa iliyobadilisha tiba ya skizofrenia baada ya majaribio ya Paris mwaka 1952, ilitoka katika utafiti wa dawa za kuzuia histamini. Dawa nyingi tunazozikuta katika hospitali zetu, kama amitriptilini na olanzapini, huzuia histamini pia, na hiyo ni sababu mojawapo ya wagonjwa kulala sana na kunenepa. Mambo haya yalijulikana kwa kutazama dawa inafanya nini ndani ya mtu. Hayakujulikana kwa kuwapanga watu katika makundi mawili kwa namba ya maabara.

Kinachonishangaza zaidi ni kwamba mafundi wa umethilishaji wenyewe hawakubaliani. Upande mmoja wapo wanaofuata mizani ya histamini. Hao humwambia mtu mwenye sonona na "umethilishaji mdogo" ajiepushe na foleti, eti itamzidishia ugonjwa, na humpa metionini au dawa iitwayo SAMe. Upande wa pili wapo wanaopima kinasaba kiitwacho MTHFR. Hao humwambia mtu huyohuyo, kwa jina lilelile la umethilishaji mdogo, kwamba anahitaji foleti iliyokwisha kubandikwa methili, tena kwa wingi. Neno ni moja, mgonjwa ni mmoja, amri ni mbili zinazopingana. Wawili wakikuelekeza njia, mmoja akasema kulia na mwingine kushoto, na wote wakadai wanasoma ramani moja, huna haja ya kuwa mwanajiografia kujua kwamba yupo asiyejua njia. Tena Chuo cha Marekani cha Jenetiki ya Tiba, katika mwongozo wake wa mwaka 2013, kilishauri kipimo cha MTHFR kisiagizwe hata katika uchunguzi wa damu kuganda na mimba kuharibika, mambo ambayo kilikuwa kikiagizwa sana.

Wengine watasema: hata kama ni kosa, ni vitamini tu, zitamdhuru nani? Hapo ndipo ninapokasirika. Mwanamke kijana akiambiwa aikwepe foleti, halafu akashika mimba, hatari inamwangukia mtoto. Utafiti mkubwa wa Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza, uliotangazwa mwaka 1991, ulionyesha kwamba kwa akina mama waliokwisha kupata mtoto mwenye kasoro ya uti wa mgongo au ubongo, asidi ya foliki ilizuia karibu robo tatu ya kasoro hizo zisirudi. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linashauri mikrogramu 400 kila siku tangu mwanamke anapotaka kushika mimba hadi wiki ya 12. SAMe nayo, kwa mtu mwenye ugonjwa wa bipola, inaweza kumtoa katika huzuni na kumtupa katika kichaa cha furaha isiyolala. Vitamini B6 kwa wingi na kwa muda mrefu huharibu neva za mikono na miguu. Niasini kwa vipimo vikubwa huweza kuumiza ini. Na dhara kubwa kuliko yote halimo ndani ya kidonge. Ni pale mtu anapoacha dawa iliyokuwa ikimshikilia, kwa kuwa karatasi ya maabara imemwambia kwamba kumbe tatizo lake lilikuwa methili.

Najua jibu litakalokuja: mbona upungufu wa vitamini unaweza kweli kuleta ugonjwa wa akili? Unaweza. Pelagra, inayotokana na kukosa niasini, iliwajaza watu katika hospitali za wendawazimu za kusini mwa Marekani mwanzoni mwa karne iliyopita, mpaka Joseph Goldberger alipoonyesha kwamba chanzo ni chakula duni, si ambukizo. Upungufu wa vitamini B12 unaweza kuleta usahaulifu, huzuni, hata kuona visivyokuwapo. Kaswende ikifika ubongoni huleta wazimu, na mwaka 1913 vijidudu vyake vilionekana katika ubongo wa waliokufa kwa ugonjwa huo. Lakini tazameni tofauti. Katika kila mfano huu kilichopimwa ni kile kinachokosekana au kile kilichoingia, na mgonjwa alipopewa au kuondolewa kitu hichohicho, hali yake ilibadilika mbele ya macho ya kila mtu. Histamini ya damu haijawahi kupita mtihani huo.

Mtihani wa foleti yenyewe ulifanywa, tena kwa uaminifu. Huko Wales, watafiti waliwapa watu wenye sonona asidi ya foliki pamoja na dawa zao, huku wengine wakipewa kidonge kisicho na kitu, bila mgonjwa wala daktari kujua nani kapewa nini. Matokeo yalitangazwa mwaka 2014: foliki haikuongeza nafuu. Mwaka 2012 watafiti wa Marekani walijaribu foleti yenye methili kwa watu ambao dawa zao hazikuwatosha. Miligramu 7.5 hazikufaa, 15 zilionyesha msaada kwa kundi dogo. Matokeo ni mchanganyiko, kama yalivyo matokeo mengi ya kweli, na watafiti hao hawakuwagawa wagonjwa kwa histamini. Anayetaka kutushawishi afanye vivyo hivyo: awachukue watu, awagawe kwa kura, nusu watibiwe kwa kufuata histamini yao na nusu bila kuifuata, asiyejua kundi la yeyote apime nafuu. Nusu karne imepita tangu enzi za Pfeiffer. Orodha ndefu za wagonjwa waliopitia kliniki hazijazi pengo hilo, hata zikifika maelfu, kwa sababu hazina wa kulinganishwa nao.

Na yule anayesema "mimi nilipona"? Simwiti mwongo. Sonona huja na kuondoka, na watu hutafuta tiba mpya wanapokuwa chini kabisa, wakati ambapo hatua inayofuata mara nyingi ni kupanda. Mtu aliyesikilizwa kwa saa nzima, akaambiwa ugonjwa wake una jina na si kosa lake, ana haki ya kujisikia nafuu. Lakini nafuu hiyo ameipata kwa kusikilizwa, na kusikilizwa hakuhitaji nanogramu.

Wala siwatetei watengenezaji wa dawa. Wao nao walituhubiria kwa miaka kwamba sonona ni upungufu wa serotonini tu, na hadithi hiyo haikuthibitika ilivyosimuliwa. Tofauti ni kwamba dawa zao, pamoja na kasoro zake, zilipitishwa katika majaribio ambayo zingeweza kushindwa, na nyingine zilishindwa kweli. Nikiwadai hao ushahidi, siwezi kuwasamehe wale kwa kuwa bidhaa yao inaitwa ya asili.

Sasa nifike kwetu, maana hapa ndipo jambo linaponigusa. Umethilishaji wa DNA si hadithi. Wanasayansi wameutafuta ndani ya damu yetu wenyewe. Mwaka 2012 ulitangazwa utafiti uliofanywa na akina mama 25 na watoto wao wachanga mashariki ya Kongo, ambao ulihusisha mateso ya mama wakati wa mimba na alama za methili juu ya kinasaba NR3C1 cha mtoto. Kinasaba hicho huusaidia mwili kuitikia kotisoli, homoni ya dhiki. Mwaka 2014 ukafuata utafiti wa Rwanda, wenye kundi la wanawake waliokuwa wajawazito wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994 na watoto waliowazaa, wakilinganishwa na wanawake waliobeba mimba wakati huohuo bila kuyapitia. Waliopitia na watoto wao walikuwa na dalili zaidi za kiwewe na sonona, kotisoli ya chini, na methili zaidi juu ya kinasaba hichohicho.

Someni vizuri tafiti hizo zilifanya nini. Zilitazama mahali fulani juu ya kinasaba fulani. Zililinganisha kundi na kundi. Hazikumwambia mama yeyote kwamba yeye ni "mtu wa umethilishaji mkubwa". Zisingeweza, kwa sababu methili si maji katika tangi moja ambalo limejaa au limepungua. Kinasaba kimoja huwa kimefunikwa wakati jirani yake yuko wazi, na kilichofunikwa katika seli ya damu huenda kiko wazi katika seli ya ini. Sisi wa idara ya lugha tungelielewa hili upesi kuliko wengine. Anayetaka kujua umethilishaji wa mtu kwa namba moja ni sawa na anayehesabu nukta zote za kitabu kisha akadai amejua kinasema nini.

Katika Kinyarwanda tuna neno ihahamuka kwa kiwewe kinachorudi, hasa katika majuma ya kumbukumbu ya mwezi wa Aprili. Neno hilo limebeba pumzi inayokata na hofu inayorudi, na kila anayelisikia anajua limetoka wapi. Utafiti wa kitaifa wa afya ya akili wa mwaka 2018 uliona sonona kwa watu 12 katika 100 wa umma kwa jumla, na kwa 35 katika 100 wa manusura. Chanzo cha tofauti hiyo kinajulikana kwa tarehe na kwa majina ya vilima. Muuzaji wa kipimo akija na sayansi ileile iliyochotwa katika damu ya wajane hawa, akaipunguza mpaka ikawa namba ya histamini na chupa ya vidonge, amegeuza historia kuwa upungufu wa lishe. Humwuliza mama kiasi cha nanogramu zake kabla ya kumwuliza kilichompata. Hilo silikubali.

Tunahitaji vipimo vya damu, tena vingi kuliko tulivyo navyo. Anayetumia lithiamu anahitaji kupimwa kiwango chake, kwa kuwa kikizidi ni sumu. Anayetumia klozapini anahitaji kuhesabiwa seli nyeupe, kwa kuwa zikiporomoka anaweza kufa kwa ambukizo dogo. Mtu aliyebadilika ghafla anastahili kupimwa malaria, kaswende, VVU, tezi ya thairoidi na B12. Vipimo hivi vina jambo moja linalovifanya viitwe vipimo: jibu lake hubadilisha matibabu, na mabadiliko hayo yamethibitishwa kumsaidia mgonjwa. Franga ya familia inayotumika kununua histamini ni franga iliyokosekana kwa nauli ya kwenda Ndera au ya kurudi kliniki ya wilaya mwezi ujao.

Wahenga walisema mfa maji haachi kutapatapa. Siwalaumu wanaotapatapa, wala familia zinazouza mbuzi ili kumsaidia mtoto asiyelala. Nawalaumu wanaowauzia unyasi wakiuita mtumbwi. Na kwa sehemu nailaumu kazi yetu sisi wanafunzi na walimu wa Kiswahili, kwa sababu maneno haya yamewafikia watu yakiwa bado ya kigeni, na neno la kigeni ni rahisi kuogopwa na gumu kuulizwa. Kazi iliyo mbele yetu ni ndogo lakini ni yetu. Tueleze kwa Kiswahili kinachosomeka methili ni nini, basofili ni nini, jaribio la haki linafanywaje. Tumpe msomaji maswali matatu ya kumwuliza kila anayemletea kipimo cha akili: kinapima nini hasa, na kitu hicho kinakaa wapi mwilini? Jibu likitoka, matibabu yangu yatabadilikaje? Na ni nani aliyelinganisha waliotibiwa kwa kukifuata na wasiokifuata?

Kwa histamini ya damu, swali la kwanza linajibika: inapima zaidi yaliyomo ndani ya basofili. La pili lina majibu mawili yanayopingana. La tatu halijapata jibu. Mpaka litakapopata, mwenzetu mwenye sonona aende kwa mhudumu wa afya ya akili aliye karibu naye, asiache dawa bila kuongea naye, na sisi tuwe tayari kumsindikiza.